Uzio wa mabomba ya chuma kwa farasi na ng'ombe Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili

Kwenye mazizi mengi ya chuma, kuanzia Iringa hadi Rungwe, inama uangalie pale nguzo inapoingia ardhini. Rangi imevimba, chini yake kuna kutu inayomenyeka kwa ukucha, na ukigonga kwa nyundo sauti inatoka butu. Juu bomba bado linang'aa. Ng'ombe hana kosa hapo. Maji, mkojo na samadi vimeila nguzo kwenye kipande kisichozidi upana wa kiganja, na siku dume akiegemea itakatikia papo hapo.

Kwa hiyo mwongozo huu unatanguliza maji, unafuatisha mnyama, halafu ndipo unakuja kwenye fedha. Wengi wetu tunaanza na fedha, na ndiyo maana tunajenga mara mbili.

Amua kwanza ni wapi panastahili chuma

Bomba ni ghali, na sehemu kubwa ya shamba hailihitaji. Malisho ya ekari kumi kule Mufindi au Makete yanatosha kuzungushiwa nguzo za milingoti zilizotiwa dawa na waya laini, au ua wa miti hai. Nguzo hizo hazina shida kupatikana ukanda huu, kwa kuwa tuna msitu wa Sao Hill na mashamba ya miti ya watu binafsi Mufindi na Njombe. Chuma kipeleke pale wanyama wanapobanana na kusukumana: zizi la kulala, uwanja wa kusubiri kukamuliwa, njia ya kwenda joshoni, kibanio cha chanjo (njia nyembamba ya kumbana mnyama asimame), zizi la dume, mageti, na kiwanja cha kufundishia farasi.

Kwa farasi kuna sababu nyingine tena. Bomba halinesi. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, mengine baadaye, na akiligonga bomba kwa mbio kamili kinachovunjika ni mguu au bega lake. Kwenye uwanja mdogo hapati nafasi ya kufikia mbio hizo. Kama ni lazima utumie bomba kwenye malisho mapana, la juu kabisa lipake rangi nyeupe alione akiwa mbali, na upande wa ndani pitisha utepe mpana wa umeme umtenge na chuma kwa sentimita 20 au 30. Seng'enge ya miiba usiiweke kabisa kwa farasi wala punda. Ng'ombe akinaswa mara nyingi husimama. Farasi huvuta, na kadiri anavyovuta ndivyo miiba inavyochana nyama.

Farasi kwetu ni wachache, wako Mufindi na sehemu nyingine chache za Iringa. Punda ndio wengi, na vipimo vya farasi vinawafaa, ila bomba la chini lishushwe kidogo kwa sababu punda ni hodari wa kupenya chini.

Mnyama ndiye anayetoa vipimo

Anza na nafasi kati ya bomba na bomba. Kwa farasi, nafasi iwe ndogo kiasi kwamba kwato haiingii, yaani chini ya sentimita 8, au iwe kubwa kiasi kwamba akiingiza mguu au kichwa ataweza kukitoa bila kujikunja, yaani sentimita 30 hivi. Kati ya hapo ni mtego. Nafasi ya sentimita 15 inaonekana nadhifu machoni pa fundi wa mageti ya nyumba, lakini kwa farasi anayegaagaa karibu na uzio ndiyo inayoshika mguu.

Mabomba manne ya kulala ya inchi moja na nusu, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 48, yakiachwa sentimita 30 kutoka ardhini na sentimita 30 kati ya moja na jingine, yanakupa uzio wa sentimita 139. Urefu huo unatosha kwa farasi wengi wa kupandwa na kwa ng'ombe wa maziwa wote, Friesian na chotara. Farasi mrefu au mwenye tabia ya kuruka mpandishie hadi mita moja na nusu.

Dume ana hesabu yake. Yeye hajaribu kuruka kwanza. Anaweka shingo kati ya mabomba na kunyanyua, au anakwangua kwa pembe na paji la uso. Mpe mabomba matano ya inchi 2, nafasi za sentimita 25, ufike mita 1.55, na nguzo kila mita 2.

Ndama wachanga watapenya kwenye nafasi ya sentimita 30 bila kusita. Zizi lao ongeza mabomba chini, nafasi ziwe sentimita 12 hadi 15 mpaka urefu wa sentimita 60, juu endelea kama kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo usiwachanganye ndama na farasi kwenye zizi moja, kwani kinachomlinda mmoja kinamnasa mwenzake. Mbuzi na kondoo hawahitaji mabomba mengi, wanahitaji wavu. Funga wavu wenye matundu ya inchi 2 kuanzia chini hadi sentimita 90. Matundu ya inchi 6 yanapitisha kichwa cha mbuzi mwenye pembe kwenda, hayakirudishi.

Mabomba ya kulala yakae upande wa ndani wa nguzo, upande wa wanyama. Wakisukuma, wanayabana kwenye nguzo badala ya kuyabandua, na farasi anayekimbia kandokando ya uzio hagongi goti kwenye nguzo. Vichwa vya boliti, komeo na ncha zote zielekee nje.

Eneo, mteremko na udongo

Kabla ya kuchimba, hakikisha mipaka mbele ya majirani na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na usiingie kwenye hifadhi ya barabara. Kama shamba linagusa mto au chanzo cha maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mbali kwa mita 60. Mpaka huo unafaa hata pasipokuwa na sheria, kwa sababu samadi ya zizi lililo kando ya mto ndiyo maji ya kunywa ya watu wa chini.

Zizi likae mahali maji yanapoondoka. Upande wa juu wa mteremko chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua yasipite ndani. Wilaya ya Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na kule mfereji huo ndio unaoamua kama ng'ombe watasimama kwenye tope hadi magoti kuanzia Novemba hadi Mei. Kwato zinaoza, na nguzo nazo zinaoza.

Udongo unabadilika sana ndani ya mkoa mmoja. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Njombe na Mufindi unashika nguzo vizuri, shimo la sentimita 70 linatosha. Udongo wa majivu ya volkano kuzunguka mlima Rungwe ni mwepesi, unachimbika kwa jembe tu, na kwa hiyo hauzuii nguzo kuyumba. Shimo liende sentimita 90 na lipanuliwe chini kuliko juu. Udongo mweusi wa mbuga kule Usangu ni mgumu kuliko yote: kiangazi unapasuka, masika unavimba na kuinua kilichomo. Huko pia chimba sentimita 90 au zaidi, panua kitako cha shimo, na usiruhusu zege limwagike juu na kutengeneza kofia pana ambayo udongo utaisukuma kutoka chini.

Kazi yote ifanyike kati ya Juni na Oktoba.

Kununua bomba bila kudanganyika

Duka la vifaa vya ujenzi litakuuliza kitu kimoja: inchi ngapi? Swali la maana wewe ndiye utakayeliuliza: unene wa ukuta ni milimita ngapi? Mabomba mawili ya inchi moja na nusu yanaweza kufanana kabisa kwa nje, moja likiwa la kutengenezea viti na meza na jingine la kubeba maji kwa msukumo.

Mizani haidanganyi. Bomba la inchi moja na nusu lenye ukuta wa milimita 3.2 lina uzito wa takriban kilo 21 kwa urefu wa mita 6. Lenye milimita 2 linakaribia kilo 14. Lenye milimita 1.5 ni kilo 10 na kitu. Kwa inchi 2, ukuta wa milimita 3.6 unakupa kilo 30, na wa milimita 3 kilo 25. Omba mabomba mawili yapimwe kabla ya kulipia sabini, na pima urefu kwa futikamba, maana yapo yanayouzwa kama ya mita 6 kumbe yana 5.8. Kwa zizi la kudumu sishauri ukuta chini ya milimita 3 kwa nguzo, wala chini ya milimita 2 kwa mabomba ya kulala. La milimita 1.5 litapinda siku mtamba wa kilo 400 atakapojikunia ubavu.

GI au bomba jeusi? GI limepakwa zinki, na zinki hiyo huliwa kwanza ili chuma kibaki. Hata palipokwaruzika, zinki ya jirani inaendelea kulinda. Bomba jeusi lina rangi peke yake, na rangi ikichubuka kutu inaanza wiki hiyo hiyo. Nikiwa na fedha ya kutosha nusu tu, ninanunua GI kwa nguzo na bomba jeusi kwa mabomba ya kulala, kwa sababu bomba la kulala linapakwa upya likiwa juu, nguzo iliyo ndani ya zege haipakwi tena.

Chuma chakavu kinaweza kuwa kizuri sana na kinene kuliko kipya. Lakini dai risiti, na ujue kilikotoka. Ukanda wetu unapitiwa na reli ya TAZARA, bomba la mafuta la TAZAMA na barabara kuu ya kwenda Tunduma yenye kingo zake za chuma. Ukinunua kipande cha reli, kibao cha alama ya barabara au kingo ya daraja, umenunua kesi, na pia umemwachia dereva wa lori kona isiyo na kinga kwenye milima ya Kitonga.

Usafiri nao upangwe. Bomba la mita 6 linazidi bodi ya Canter, kwa hiyo lifungwe vizuri na kitambaa chekundu kining'inizwe nyuma, au uyapakie kwenye Fuso pamoja na saruji.

Hesabu ya zizi la mita 30 kwa 24

Siri ya hesabu ni kuacha urefu wa bomba uamue umbali wa nguzo. Bomba la mita 6 linaziba nafasi mbili za mita 3 bila kipande kubaki. Ukiweka nguzo kila mita 2.5 kwa sababu tu inaonekana imara, kila bomba litakuachia mita moja ya kutupa. Ukitaka kuziongezea nguvu, nenda mita 2, ambapo bomba moja linaziba nafasi tatu.

Mzunguko wa zizi hili ni mita 108, yaani nafasi 36 za mita 3 na nguzo 36. Nafasi moja ni ya geti. Nguzo mbili za geti ziwe za inchi 3 na urefu wa mita 2.5, zote zinatoka kwenye bomba moja. Zilizobaki 34 ziwe za inchi 2, urefu wa mita 2, sentimita 60 ardhini (sentimita 10 za chini za shimo ni za kokoto) na mita 1.4 juu, bomba moja linatoa nguzo tatu kamili, kwa hiyo nunua mabomba 12. Mabomba ya kulala: nafasi 35 mara mita 3 ni mita 105, mara nne ni mita 420, sawa na mabomba 70. Pale ambapo udongo unadai shimo la sentimita 90, nguzo iwe mita 2.3, na bomba litatoa mbili na kipande cha mita 1.4. Usikitupe kipande hicho, kitatumika kwenye kibanio.

Kona usiziache za mraba kwa farasi. Mnyonge akifukuzwa na mwenzake anaingia kwenye kona na kupigwa mateke bila njia ya kutoka. Ondoa nguzo ya kona, isogeze ndani katikati ya mstari unaounganisha nguzo zake mbili za jirani zilizo mita 3 kila upande. Idadi ya nguzo haibadiliki, kona inakuwa imekatwa kwa mshazari wa mita 4.2, na kwa kona zote nne utaokoa kama mita 28 za mabomba ya kulala, ambazo zitasaidia kutengeneza geti.

Kiwanja cha duara cha kufundishia farasi kwa kawaida huwa na kipenyo cha mita 18, mzunguko wake ni mita 56.5 hivi. Hapo weka nguzo kila mita 2, na mabomba yakunjwe kidogo kidogo kwa mashine ya kukunjia. Kuyalazimisha kwa mikono juu ya nguzo kunazivuta nguzo zote kuelekea ndani.

Nguzo na zege

Piga kamba, simamisha nguzo za mwisho kwanza, kisha nguzo za kati zifuate kamba. Nguzo zote zisimame wima kwa pima maji hata kama ardhi inateremka. Mabomba ya kulala ndiyo yanayofuata mteremko, sambamba na ardhi. Hili linawashinda wengi wanaochomelea paneli mjini. Paneli ya mraba iliyotengenezwa gereji ya Mwanjelwa, Mbeya, haitakaa kwenye mteremko wa Tukuyu. Upande wa juu itagusa ardhi na upande wa chini itaacha mwanya ambao ndama anapita. Kwenye ardhi yenye mlima chomelea shambani kwa jenereta, au peleka vipimo vya mteremko wa kila nafasi.

Shimo liwe na upana wa sentimita 30. Chini weka kokoto kavu sentimita 10, nguzo isimame juu yake, ndipo zege limwagwe. Ukiimwagia nguzo zege hadi chini ya kitako umeijengea kikombe: maji yatakayoingia ndani ya bomba hayatakuwa na pa kutokea, nayo yatakula chuma kutoka ndani ambako hutaona.

Zege lichanganywe ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji kidogo kiasi kwamba likishikwa mkononi linabaki bonge. Shimo moja linachukua kama lita 42 za zege. Mashimo 36 ni mita za ujazo 1.5, sawa na mifuko 10 ya saruji. Nunua 12, kwa kuwa mashimo ya geti yanapaswa kuwa makubwa zaidi.

Sasa pale pa kiganja kimoja. Kabla ya kusimamisha nguzo, ipake lami ya maji kuanzia sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi hadi sentimita 15 juu yake, mikono miwili (yaani mara mbili), ikauke. Zege lako lipande sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi, upana uleule wa shimo, na kichwa chake kisuguliwe kwa mwiko kiwe na mwinamo wa kumwaga maji pande zote. Likishakauka, pale chuma kinapogusana na zege utaona ufa mwembamba kama unywele; uzibe kwa lami hiyo hiyo, na uuzibe tena kila mwaka. Ufa huo ndio mlango wa kutu yote niliyoieleza mwanzoni.

Zege lifunikwe kwa magunia mabichi kwa siku saba. Baada ya siku tatu unaweza kuanza kulaza mabomba, lakini geti lisitundikwe kabla ya wiki kuisha.

Kulaza na kuchomelea

Ziba kichwa cha kila nguzo kwa kipande cha bati nene kilichochomelewa mzunguko mzima. Bomba lililo wazi juu hukusanya mvua na ukungu, na nyuki nao hupenda kuingia humo.

Bomba la kulala likigusa uso wa nguzo linagusa mahali padogo tu, chomelea juu na chini. Fundi anayetaka kuingiza bomba kati ya nguzo na nguzo lazima aichonge ncha kwa grenda iwe na umbo la nusu mwezi linalokumbatia nguzo. Akikata wima na kujaza mwanya kwa vijiti vya kuchomelea, umepata kiungo cha takataka. Vijiti vya milimita 2.5 vinafaa kwa mabomba ya kulala, vya 3.2 kwa nguzo na geti. Maungio ya bomba kwa bomba yakae juu ya nguzo, na yasipangane kwenye nguzo moja kwa mabomba yote manne.

Chuma kinatanuka. Asubuhi ya Juni kule Kitulo au Makambako bomba lina baridi ya barafu, na saa nane mchana huwezi kuliegemea. Tofauti ya nyuzi 30 inarefusha mita 30 za bomba kwa takriban milimita 11. Kila mita 30 acha kiungo cha kuteleza: kipande cha bomba jembamba cha sentimita 30 kinachoingia ndani ya mabomba mawili, kimechomelewa upande mmoja na upande wa pili kiko huru, mwanya wa milimita 12 kati yao. Bila hivyo, uzio unatafuta pa kutokea wenyewe, na mara nyingi unapasua kiungo cha geti.

GI linapochomelewa, zinki inageuka moshi mweupe. Moshi huo ukivutwa unaleta homa, baridi na mwili kuuma jioni ya siku hiyo hiyo, na mafundi wengi hudhani ni malaria. Zinki ikwanguliwe kwa grenda sentimita 5 kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea, fundi akae upande upepo unakotoka, afanye kazi nje. Kiungo kikishapoa kipigwe brashi ya waya na kupakwa rangi yenye zinki nyingi siku hiyo hiyo.

Nyasi za Agosti zinawaka kwa cheche moja. Fyeka mita 2 kila upande, weka ndoo za maji, na mtu mmoja abaki saa nzima baada ya kazi. Wanyama wasiwe karibu na uzio wakati mashine inafanya kazi, maana umeme wake unapita kwenye mabomba.

Mwisho wa kila siku, funga sumaku kwenye kamba uiburute ardhini. Fundi huangusha vichwa vya vijiti, vipande vya waya na mabaki ya grenda kila anapopita. Ng'ombe hula kwa kuzoa, hachambui. Kipande cha waya kikifika tumboni hutulia kwenye tumbo lililo jirani na moyo, na misuli ikikaza kinaweza kupenya mpaka moyoni. Daktari wa mifugo hana la kufanya hapo zaidi ya kukueleza kilichomuua.

Geti na kibanio

Geti la mita 3 linatosha kwa ng'ombe na toroli; kama trekta au Fuso litaingia, panua hadi mita 4. Liwe na bomba la mshazari kuanzia kona ya chini upande wa bawaba kwenda kona ya juu upande wa komeo. Bawaba ya juu igeuzwe, pini iangalie chini, ili ng'ombe asilinyanyue geti kwa shingo na kulitoa. Kwa ng'ombe, geti likae kwenye kona, kwa kuwa wanafuata uzio na kona inawasukuma kutoka. Kwa farasi, likae katikati ya upande, wasije wakabanana wakati unamtoa mmoja. Geti la kutokea barabarani lirudi ndani kiasi cha urefu wa gari.

Karibu na geti acha upenyo wa mtu, nguzo mbili zilizoachana sentimita 35. Mtu anapita kwa ubavu, ng'ombe mkubwa hapiti. Siku dume anakufuata, huna muda wa kufungua komeo.

Kibanio cha chanjo na dawa ya kuogesha kiwe na upana wa ndani wa sentimita 70 kwa chotara na 60 kwa ng'ombe wa asili. Bomba zima la mita 6 linabeba ng'ombe wanne waliofuatana. Nguzo ziwe kila mita 1.5, za inchi 2 nene, zifungwe kwa juu mbili mbili kwa mabomba ya kukingama yaliyo mita 2 au zaidi kutoka ardhini, vinginevyo ubavu utapanuka mwaka wa kwanza. Sakafu iwe ya zege lililochorwa mistari likiwa bichi. Nyuma ya kila mnyama kuwe na bomba la kupitisha kukingama chini ya mkia, juu ya kiungo cha mguu wa nyuma, ili asirudi nyuma na afisa mifugo asipigwe teke.

Rangi

Bomba jeusi: ondoa kutu kwa brashi ya waya, futa mafuta ya kiwandani kwa tina (kimiminika cha kupunguzia rangi), paka redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mikono miwili, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. GI jipya halipokei rangi ya mafuta moja kwa moja. Zinki inagombana na mafuta na rangi inabanduka kama gamba ndani ya mwaka. Liache bila rangi, au tafuta rangi ya kwanza iliyoandikwa kwamba ni ya GI.

Ukungu wa Mufindi na Uporoto ni adui wa rangi. Weka kiganja kwenye bomba. Kikitoka na unyevu, subiri. Paka kati ya saa nne na saa tisa mchana.

Chagua rangi isiyo na madini ya risasi na usome kopo, kwa sababu ng'ombe na farasi hulamba chuma. Oili chafu ya gari isitumike kabisa, ingawa ni ya bei nafuu na inapakwa sehemu nyingi.

Radi

Nguzo za chuma zilizoingia ardhini zinapeleka radi chini, lakini zege kavu linazuia. Kila mita 50, na kando ya geti, gongelea fimbo ya GI yenye urefu wa mita 1.5 hadi 2 kwenye udongo wenye unyevu na uichomelee kwenye uzio. Usifunge uzio kwenye mti uliosimama peke yake wala kwenye paa la banda. Wanyama hujikusanya chini ya mti wakati wa mvua, na hapo ndipo kundi zima hufa kwa pigo moja.

Matunzo

Kila mwaka kagua mara mbili, Mei mvua zikiisha na Oktoba kabla hazijaanza. Mei ondoa samadi iliyojilundika kwenye vitako vya nguzo, gonga kila nguzo kwa nyundo usikilize, ziba ufa wa lami, paka girisi kwenye bawaba. Oktoba paka rangi palipochubuka na usafishe mfereji wa juu. Nguzo iliyooza kitakoni haihitaji kung'olewa: ikate sentimita 20 juu ya zege, ingiza ndani yake bomba jembamba kidogo lenye ukuta mnene hadi kwenye kokoto, chomelea, jaza zege, upake lami. Kazi hiyo inamchukua fundi nusu siku, mradi kwenye ununuzi wa kwanza uliweka akiba mabomba mawili ya ukubwa unaoingia ndani ya nguzo zako.